Mkaratusi Usiokuwa na Jina

Hakuna mkulima wa Kenya asiyeujua mkaratusi. Tangu ulipoletwa nchini mnamo mwaka 1902 ili zipatikane kuni za kuendeshea magari ya moshi, mti huu umeenea katika mashamba, kando ya barabara na katika viwanja vya shule na misheni. Watoto huujua kwa harufu ya majani yake. Mafundi huujua kwa boriti na nguzo zake. Na wenye mashamba yaliyo karibu na vijito huujua kwa lawama, maana hunywa maji mengi. Kwa kuwa umezoeleka hivyo, mtu hudhani ya kuwa mkaratusi ni mmoja tu, na kwamba auonaye mmoja ameiona yote.

Kumbe si hivyo. Katika nchi ya Australia, ambako ndiko kwao, iko aina zaidi ya 700 za mikaratusi. Iko iliyo mirefu ajabu: mmoja ulioko Tasmania, uliopewa jina la Centurion, ulipimwa mwaka 2018 ukaonekana kuwa na kimo cha mita 100 na nusu. Iko mingine mifupi kama vichaka, inayotoa mashina mengi membamba kutoka kisiki kimoja kilichofichika ardhini. Iko inayostahimili theluji ya milimani, na iko inayoishi penye ukame, mahali ambapo mvua ni jambo la kuhadithiwa.

Ingawa wataalamu wameichunguza miti hiyo kwa zaidi ya miaka 200, mara kwa mara mtu apitaye porini hukuta mmoja usiofanana na wowote ulioandikwa vitabuni. Hapo ndipo inapoanza kazi ngumu, nayo ni kazi ya subira wala si ya mbio. Yafaa habari zake zijulikane hata kwetu, kwa sababu mti usiokuwa na jina waweza kutoweka duniani bila mtu yeyote kujua kwamba ulikuwapo.

TAWI LILILOVUKA BAHARI

Mwanzo wa habari hizi ni tawi moja kavu. Mwezi wa Januari, mwaka 1777, merikebu za Kapteni James Cook zilitia nanga katika ghuba ya Adventure, kisiwa cha Bruny, kusini ya Tasmania. Miongoni mwa wasafiri alikuwamo David Nelson, mtunza bustani, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya mimea ya nchi ngeni. Nelson alikata tawi la mti mmoja, akalikausha, nalo likachukuliwa mpaka London.

Tawi hilo likakaa miaka kadhaa. Kisha akaja Mfaransa mmoja, Charles-Louis L'Héritier, aliyekuwa hodari katika elimu ya mimea. Akalichungua, akaona kwamba halifanani na mti wowote uliokuwa umeandikwa mpaka siku zile. Mwaka 1788 akaupa mti ule jina la Eucalyptus obliqua. Neno la kwanza amelitunga kwa lugha ya Kiyunani, na maana yake ni "uliofunikwa vizuri".

Msomaji akitaka kujua sababu ya jina hilo, na achume tumba la mkaratusi kabla halijafunguka. Ataona juu yake kifuniko kidogo, kama mkungu uliofunika chungu. Maua ya miti mingine hufungua majani yake ya rangi. Tumba la mkaratusi huangusha kifuniko, ndipo zikatokea nyuzi nyingi nyororo ambazo nyuki huzipenda. Hata neno letu "mkaratusi" ni lile lile la L'Héritier, lililogeuzwa na ndimi nyingi hata likafika kwetu.

Katika habari hii liko fundisho moja kubwa. L'Héritier hakupata kukanyaga nchi ya Australia maisha yake yote. Mti wenyewe hakuuona. Alichokuwa nacho ni tawi lenye majani na matumba, lililokaushwa vema, na ambalo lilijulikana limetoka wapi. Hayo yalitosha. Lau Nelson angalileta majani matupu, au angalisahau kuandika mahali alipoyachuma, mti ule ungalikaa bila jina mpaka aje mtu mwingine.

KWA NINI NI VIGUMU KUUTAMBUA

Mtu aweza kuuliza: kama mtaalamu ana vitabu na ana macho, ni kitu gani kinachomshinda kutambua mkaratusi? Jibu ni kwamba mti huu una hila nyingi.

Kwanza, majani yake hubadilika kwa umri. Katika aina nyingi, mche mchanga huwa na majani ya mviringo, yaliyokaa mawili mawili yakitazamana, mara nyingi bila vikonyo. Mti ukikua, majani yanayofuata huwa marefu na membamba kama visu, yakining'inia kila moja peke yake. Mtu asiyejua akiletewa tawi la mche na tawi la mti mkubwa, ataapa kwamba ni miti miwili.

Pili, gome. Iko mikaratusi inayobandua gome lake kila mwaka ikabaki laini, na iko inayolihifadhi likawa nene na la nyuzi nyuzi. Lakini mti mmoja waweza kuwa na gome gumu chini na laini juu, na moto wa porini ukipita hubadili sura ya vyote viwili.

Tatu, na ndilo kubwa, mikaratusi ya aina mbili zilizo karibu huweza kuzaana, ikatokea miti chotara. Chotara huchukua sura huku na huku, na aonaye mara ya kwanza hudhani amevumbua kitu kipya. Kwa hiyo mtaalamu aletewapo mti mgeni, swali lake la kwanza ni hili: je, wazazi wako karibu? Kama kilimani ziko aina mbili, na mti mgeni una sura ya katikati baina yake, basi huenda ni mtoto wao. Ila kama sura yake haiko katikati ya jirani zake wowote, na kama ina alama ambazo jirani hawana kabisa, hapo huanza kusadiki.

Basi alama za kuaminiwa zaidi ni matumba na matunda. Huhesabiwa matumba katika kila kichala, kama ni matatu, au saba, au zaidi. Hutazamwa umbo la kifuniko, kama ni butu au kimechongoka. Hupimwa tunda, ambalo ni kikombe kidogo kigumu, na huangaliwa vile vijilango vyake vinavyofunguka kutoa mbegu, kama vimezama ndani au vimetokeza nje. Mambo haya ni madogo, mengine hayapiti upana wa ukucha, lakini ndiyo yanayotenga aina na aina.

KAZI YENYEWE PORINI

Mtu akikuta mti asioujua, kazi yake si kuukata wala kuutangaza sokoni. Kazi yake ni kuandika.

Hukata kitawi kimoja chenye majani yaliyokomaa, matumba, maua na matunda, ikiwa yapo. Ikiwa hayapo, hurudi wakati wake. Huokota kipande cha gome, na hutafuta machipukizi ya chini yenye majani ya utotoni. Vyote huviweka kati ya kurasa za magazeti makuukuu, akavibana kwa mbao mbili na mikanda, na kurasa zikilowa huzibadili kwa zilizo kavu, mpaka mmea umekauka bila kuoza. Hivyo gazeti lililokwisha kusomwa hupata kazi ya pili, nayo ni kazi ya heshima.

Tena huandika pale pale, kabla ya kuondoka, yale ambayo tawi kavu halitaweza kusema: kimo cha mti; idadi ya mashina; rangi ya gome na jinsi linavyobanduka; rangi ya ua likiwa hai; udongo ni wa namna gani; ni bondeni au mgongoni mwa kilima; miti gani inaota karibu; na miti ya namna hiyo ni mingapi. Huandika tarehe, jina lake, namba ya kitawi, na mahali kwa uhakika. Asiyeandika siku ile akategemea kumbukumbu zake, ataandika aliyoyadhani badala ya aliyoyaona.

Kisha kitawi hupelekwa kwenye hifadhi ya mimea mikavu. Hiyo ni nyumba yenye makabati yaliyojaa karatasi ngumu, na kila karatasi imebandikwa mmea mmoja pamoja na habari zake. Mtaalamu hukiweka kitawi kipya kando ya vile vya zamani, akalinganisha kimoja kimoja. Mara nyingi jibu hupatikana upesi, nalo ni kwamba mti ule wajulikana. Lakini siku moja moja, baada ya kufungua makabati yote, hakuna kinachofanana.

VICHAKA VIWILI VYA NEW SOUTH WALES

Jambo la namna hiyo lilitokea mwaka 1977, katika Mlima Imlay, karibu na mji wa Eden, kusini kabisa ya jimbo la New South Wales. Mlima huo una kimo cha mita 886. Karibu na kilele chake, penye mawe na ukungu, vilichumwa vitawi vya mkaratusi mfupi, wenye mashina mengi na gome linalobanduka kama utepe. Haukufanana na mwingine. Mwaka 1980 wataalamu wawili, Michael Crisp na Ian Brooker, waliuandika wakauita Eucalyptus imlayensis, yaani mkaratusi wa Imlay. Ulitafutwa mahali pengine, usionekane. Jamii yote ya mti huu, kiasi cha mashina makuu 70 au 80, iko katika mlima huo mmoja.

Miaka michache baadaye likaja jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1985, katika nyanda za juu za jimbo hilo hilo, karibu na kijiji cha Mongarlowe, kilionekana kichaka kilichoota kati ya vichaka vingine vifupi. Mtu aliyepita kwa haraka asingalikitazama mara ya pili. Kimo chake kilikuwa kama cha mtu, au pungufu. Lakini majani yake yalikuwa ya ajabu: madogo, ya kung'aa, yenye ncha zilizopinda kuelekea chini. Tena yalikaa mawili mawili yakitazamana hata katika mmea uliokomaa uliotoa maua, ingawa katika mikaratusi mingi mpangilio huo ni wa utotoni tu. Matumba yake yalikuwa matatu matatu.

Je, kilikuwa chotara? Hapakuwa na wazazi wawili waliokaribiana ambao wangeweza kuzaa sura ile. Je, ni mche tu, ambao ukikua utabadilika? Mche hautoi maua na matunda. Maswali yakajibiwa moja baada ya moja, na mwaka 1988 Michael Crisp akachapisha habari za mti huo katika jarida la elimu ya mimea la Telopea, akauita Eucalyptus recurva. Neno hilo la Kilatini maana yake ni "uliopinda nyuma", kwa ajili ya yale majani. Siku zile sheria ya mataifa yote ya majina ya mimea ilidai kwamba mmea mpya ueleweshwe kwa Kilatini. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2012, ikaruhusiwa kutumia Kiingereza pia. Hata hivyo sharti jingine halikuondolewa, nalo ni kwamba kitawi kimoja kiwekwe hifadhini kiwe shahidi wa jina. Mtu yeyote akibisha miaka 100 ijayo, atafungua kabati amtazame shahidi huyo.

MMEA MMOJA AU MINGI?

Baada ya jina kupatikana, watu walikwenda kutafuta jamaa zake. Wakatafuta miaka mingi. Idadi waliyoipata yazidi kidogo tu vidole vya mkono mmoja.

Hata kuhesabu kwenyewe kulitaka akili. Mikaratusi ya namna hii ina kisiki kinene chini ya udongo, chenye machipukizi yaliyolala. Moto ukiunguza mashina ya juu, au baridi ikiyaua, kisiki huchipua tena. Mwaka hata mwaka kisiki hupanuka, na sehemu ya katikati yaweza kuoza, hata atazamaye akaona duara la vichaka vilivyotengana akasema, "Hapa pana mimea 10." Kumbe ni mmoja, mzee kupita kiasi. Wataalamu wanakadiria kwamba baadhi ya mikaratusi hiyo ya Mongarlowe imeishi kwa maelfu ya miaka. Huenda ilikuwako kabla ya falme za kale kusimama na kuanguka, nayo kimo chake ni kama cha mtu tu.

Lakini katika uzee huo liko huzuni. Mti huu hutoa maua wakati wa kiangazi cha huko, yapata mwezi wa Januari, na nyuki huyaendea. Ila mimea iliyobaki imetawanyika mbali mbali, na nyuki atokaye katika mmoja ni vigumu kumfikia mwenziwe. Ua lisilopata chavua ya mmea mwingine halizai mbegu nyingi njema. Hivyo mti huishi, huchanua, wala hauachi watoto. Ni kama ukoo uliobakiwa na wazee watupu, kila mmoja katika kijiji chake.

JINA NI NGAO

Sasa twaweza kuona faida ya kazi yote iliyotajwa. Mwaka 1995 jimbo la New South Wales lilitunga sheria ya kuwalinda viumbe walio katika hatari ya kutoweka, na mwaka 1999 serikali kuu ya Australia ikatunga ya kwake kwa nchi nzima. Mikaratusi yote miwili, wa Imlay na wa Mongarlowe, imeingizwa katika orodha za ulinzi. Orodha hutaka kujua kinacholindwa ni nini, kinatambulikanaje, na kimebaki kiasi gani. Kama kile kichaka cha mwaka 1985 kingalibaki "kichaka tu", tingatinga la kulima barabara lingalipita juu yake siku moja, na hapana ambaye angaliandika kwamba pametokea hasara.

Walakini jina nalo huleta hatari zake. Mmea adimu ukisikika, watu hutamani kuuona, na miguu mingi huukanyaga. Hilo lilifahamika vema baada ya mwaka 1994, David Noble alipokuta katika makorongo ya Wollemi, upande wa kaskazini-magharibi wa Sydney, miti ya jamii ambayo haikuwahi kuonekana ikiwa hai. Miti hiyo si mikaratusi, bali ni jamii ya misonobari, lakini fundisho ni lile lile. Mahali pake pakafichwa. Hata hivyo, mwaka 2005 ilionekana huko Phytophthora, ambayo huozesha mizizi, na ambayo husafiri katika tope lililoganda nyayoni mwa viatu. Katika Mlima Imlay Phytophthora nayo imekwisha kuhesabiwa katika maadui wa mkaratusi wa huko. Tena mwaka 2010 ukaingia Australia ugonjwa mwingine, huu ukiwa wa kuvu, wenye unga wa manjano, ambao hushambulia machipukizi ya mimea ya ukoo ule ule wa mikaratusi na mipera.

Kwa hiyo waandikao habari za miti adimu wamejifunza kufanya mambo mawili pamoja, ingawa yaonekana kupingana. Huandika mahali kwa uhakika kabisa, kwa faida ya wale walio na dhamana. Na katika karatasi za kusomwa na watu wote, mahali hutajwa kwa jumla tu. Tena viatu na visu husafishwa kabla ya kwenda na baada ya kurudi. Na kitawi huchukuliwa kidogo, kwa maana mmea ulio mmoja haufai kuuawa kwa sababu ya kutaka kuujua.

MASHAHIDI WALIOKO NAIROBI

Mikaratusi yetu ya Kenya ni wageni waliopandwa kwa kazi, wala hatutazamii kuokota aina mpya ya mkaratusi Limuru au Kakamega. Lakini nchi yetu ina misitu ya kwake, na milima ya kwake iliyojitenga kama Imlay, na mimea yake haijamalizika kuandikwa. Tena nyumba ya mashahidi tunayo. Katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, iko hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika ya Mashariki. Mkusanyo wake ulianzishwa huko Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, mwaka ule ule unaotajwa kwa kuletwa mkaratusi Kenya. Na mwaka 1950 ulihamishiwa Nairobi.

Mara nyingi mtu wa kwanza kuona kwamba mmea fulani ni mgeni si mtaalamu. Ni mchungaji wa mbuzi, au mlinzi wa msitu, au mzee atafutaye dawa, ambaye amezoea kichaka chake na hujua mara moja kilichozidi na kilichopungua. Kinachompungukia si macho, bali desturi ya kuandika. Basi yeyote aonaye mti asioupatia jina, na baada ya kuwauliza wazee nao wakashindwa, asiung'oe, wala asiupuuze. Na atazame jani, tumba, ua na tunda. Ahesabu ni mingapi. Aandike siku na mahali. Kisha amjulishe mwenye dhamana ya msitu huo, na kwa idhini yake kitawi kidogo kikaushwe katika gazeti lililokwisha kusomwa, kipelekwe mahali panapostahili.

Pengine ataambiwa ni mti wa kawaida, unaojulikana tangu zamani. Hapo hatakuwa amepoteza kitu, ila atakuwa amejifunza jina. Pengine makabati yatafunguliwa yote, na asipatikane wa kufanana nao.